Wakia Moja ya Risasi

Koleo hili ni la chuma, urefu wake haufiki shibiri, na mdomoni mwake mna vibakuli viwili vinavyotazamana. Ukilibana, vibakuli hukutana vikafanya tundu la mviringo lenye ukubwa wa kunazi, na juu yake hubaki kijishimo cha kumiminia. Lilifuliwa kwa ajili ya kusubu risasi za gobori, na kwa kazi hiyo ndiyo lilimfikia babu yake baba. Mimi sikuwahi kuliona likitoa risasi ya bunduki hata moja. Tangu nipate akili nimelijua kuwa kalibu ya chubwi.

Inanibidi nieleze chubwi ni nini, maana wajukuu zangu waliokulia Dar es Salaam wananiuliza. Ni kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame. Tena ndiyo sauti ya kitu kidogo kizito kikitumbukia majini: chubwi! Mtoto wa mvuvi hulijua neno hilo kwa sikio kabla hajaijua kazi yake.

Nilizaliwa Sahare, Tanga, mwaka 1958, msichana pekee kati ya wavulana watatu. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi. Kaka zangu walikwenda naye baharini; mimi nilibaki pwani na upepeo mkononi, kwa kuwa moto wa kuyeyushia risasi ulikuwa kazi yangu tangu nikiwa na miaka saba. Baadaye nikawa muuguzi, kazi niliyoifanya miaka 34. Niliyojifunza wodini yamenirudisha kwenye moto ule mara nyingi, na ndiyo maana naandika haya nikiwa bado nayakumbuka sawasawa.

Kiswahili chetu kimelipokea neno risasi kutoka Kiarabu na kulipa kazi mbili: ni madini yale laini ya kijivu, na ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Watu wa zamani hawakuwa na haja ya kuyatenga, kwani kitu kilikuwa kimoja. Ulinunua kipande cha madini dukani, ukakiyeyusha nyumbani, ukamimina kwenye kalibu. Ukitaka nyama ya porini, kidonge kile kilikwenda kwenye gobori pamoja na baruti. Ukitaka changu au chewa, ulikitoboa kwa msumari ukapitisha uzi. Makoleo kama la kwetu yalifuata bunduki kila zilikokwenda, na bunduki zilikuwa nyingi. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia upande huu wa Afrika kila mwaka. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels ukaja kuibana biashara hiyo. Misafara ilikoma, gobori zikapata kutu darini, lakini koleo la kusubia halikukosa kazi, kwa kuwa bahari haikukoma.

Kisha vita vikaja mlangoni kwetu. Kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, jeshi la Waingereza na Wahindi lenye watu wapatao 8,000 lilishuka Ras Kazone likitaka kuuteka mji wa Tanga, likakutana na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliokuwa kama 1,000 tu. Waingereza wakashindwa. Watu hupenda kusimulia habari za nyuki waliotibuliwa na milio ya bunduki wakawashambulia wapiganaji, na ni kweli nyuki walikuwapo. Nyumbani kwetu hadithi ilikuwa nyingine. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zile za baruti nyeusi inayofuka moshi mzito, na risasi yake ilikuwa donge nene la milimita 11, zito karibu wakia moja. Waingereza walipoondoka waliacha nyuma risasi zinazokadiriwa laki sita, lakini hizo zilikuwa na wenyewe, na aliyekutwa nazo alijitafutia balaa. Babu, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na ushei, aliniambia kwamba yeye na wenzake walifuata zile zilizokwisha kupigwa. Mvua ikinyesha kwenye mashamba ya minazi na mipira, zilijitokeza mchangani. Nyingine walizichokonoa kwa kisu kwenye magogo ya minazi. Za Mjerumani ziliyeyuka zote. Za Mwingereza zilikuwa na gamba gumu, basi risasi ilitoka kwa kitako ikimiminika, gamba likabaki tupu kama kombe la konokono. Vidonge vilivyokusudiwa vifua vya watu vikaishia kwenye mwamba wa Karange, na familia yetu ikala samaki.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusumbuke hivyo na mawe yamejaa pwani. Kilo moja ya risasi ikizama hupoteza chini ya sehemu moja kati ya kumi ya uzito wake. Kilo ya jiwe la kawaida hupoteza kama theluthi au zaidi, na jiwe letu la matumbawe, lililojaa vitundu, hupoteza hata zaidi ya hapo. Tena jiwe ni kubwa, na ukubwa ndio unaoshikwa na mkondo. Nje ya Karange na kisiwa cha Yambe mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na siku za bamvua unavuta mshipi ukalala ubavu kama kamba ya kuanikia nguo. Mvuvi mwenye jiwe anadhani ndoana yake iko chini, kumbe inaelea katikati ya maji ambapo chewa hafiki. Baba alikuwa na chubwi za wakia moja kwa ajili ya maji mafu ndani ya miamba, za wakia nne kwa siku za kawaida, na za nusu ratili kwa bamvua. Hata baada ya kilo na gramu kuingia madukani, uani kwetu tuliendelea kusema wakia.

Ndugu zetu wa Komoro walichagua njia nyingine, nami naiheshimu sana. Visiwa vyao ni vya volkano, jiwe lao ni jeusi, zito, halina gharama. Usiku huteremsha mshipi kutoka kwenye ngalawa hadi kwenye vina virefu, jiwe likiwa limefungwa kwa fundo ambalo hufunguka mvuvi akivuta kwa kishindo. Jiwe hubaki chini, ndoana na chambo vikabaki mahali pake. Kila mteremko unagharimu jiwe moja. Huko kwao, mwaka 1952, Ahamadi Abdallah wa Nzwani alimvuta gombessa, samaki wa kale ambaye wataalamu walikuwa wakimtafuta kwa miaka 14, tangu alipoonekana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Samaki huyo huyo alikuja kunaswa kwetu, Kigombe, miaka ya 2000, kwenye majarife yaliyotegwa kwenye vina, na mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ikatangazwa kwa ajili yake.

Risasi nayo si mgeni baharini. Kwenye meli iliyozama Uluburun, Uturuki, katika karne ya 14 kabla ya Kristo, wachimbaji walikuta risasi za kuzamishia nyavu pamoja na ndoana na sindano za kushonea wavu. Nilipoziona picha zake kitabuni, nilimwita kaka yangu mkubwa aje atazame. Vipande vile vilikuwa vimekunjwa kuzunguka kamba, sawasawa na alivyokuwa akikunja yeye kwenye kamba ya chini ya wavu.

Lakini risasi haichimbwi Sahare. Kila wakia ilikuwa imetoka kwenye kitu kingine, na nikikumbuka vitu hivyo naona mji wa Tanga ukipita mbele yangu. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, mwaka uleule Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge, ambayo 62 tu ndiyo iliyosalimika na kuzaa mashamba yote yale. Katani ilishuka kwa mabehewa hadi bandarini, na milango ya mabehewa ilifungwa kwa waya uliobanwa na lakiri ya risasi, kidonge bapa kidogo kuliko kifungo cha koti. Lakiri zikikatwa, zilitupwa kando ya reli. Sisi watoto tulizikusanya kwenye kopo la maziwa, na kopo likijaa Baba alitupa senti za kununulia kashata. Zilikuwa na herufi na namba zilizogongwa juu yake. Nilipenda kuzisoma kabla hazijaingia motoni, na nadhani nilijifunza namba za Kizungu huko kabla ya shule.

Miaka ya sabini Baba alikuwa na rafiki aliyefanya kazi ya kuchimbua nyaya za simu za ardhini. Nyaya za wakati huo zilivikwa gamba la risasi ili maji yasiingie, na zilipobadilishwa, magamba ya zamani yalibaki mitaroni. Ile ilikuwa risasi safi kuliko zote nilizopata kuona, laini, unaikwaruza kwa ukucha ikaacha mng'aro. Gunia moja la magamba hayo lilituvusha hadi miaka ya shida. Nani wa umri wangu amesahau 1983? Serikali ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi, sabuni ilipangiwa foleni, na ndoana zilipatikana kwa kujuana. Wavuvi walikuwa wakija kwetu jioni na kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kitambaa, wakakiacha kama mtu anavyoacha mahindi mashineni. Baba hakumtoza mtu fedha. Siku ya pili au ya tatu kitoweo kilifika jikoni, na Mama alijua kimetoka kwa nani bila kuambiwa.

Tulisubu zaidi miezi ya kusi, Juni na Julai, bahari inapochafuka na vyombo vikalala mchangani. Baada ya sala ya alasiri Baba aliweka mafiga matatu chini ya mwembe, mimi nikapanga makaa ya vifuu vya nazi, ambayo ni madogo lakini yana moto mkali. Kikaango kilikuwa cha chuma, kimekatika mkono, na Mama alikuwa amekitoboa tundu moja ukingoni kwa msumari ili asiwepo mtu hata siku moja wa kukichukua kupikia. Hakuwa amesoma kitabu chochote cha sumu. Alisema tu kwamba kitu kinachoacha weusi mkononi namna ile hakiwezi kuwa na urafiki na tumbo.

Kabla ya yote ilikuwa ni kukausha. Kalibu, kijiko, vipande vya risasi, hata mchanga tuliokanyaga, vyote vilikaa juani tangu asubuhi. Tone moja la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, na risasi huruka kama mbegu za mbarika zinazopasuka. Baba alikuwa na makovu matatu kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto kwa ajili ya kalibu moja aliyodhani imekauka. Kila nilipotaka kusogea alisema, “Mwanangu, futa jasho kwanza.” Nikafuta kwa ncha ya kanga, ndipo nikainama.

Risasi haina haraka ya kuyeyuka. Unapepea, unapepea, vipande vimekaa vilevile kama mawe, na mkono unaanza kuuma. Halafu kimoja kinalegea kwa chini, kinaketi, na pembeni yake linatokea tone linalong'aa. Kuanzia hapo mambo huenda mbio: ukigeuka kumfukuza mbuzi unakuta kikaango kizima kimekuwa kioo. Niliyaona majani ya mwembe humo ndani, yamepinduka. Madini haya yanahitaji nyuzi 327 tu za joto, na makaa ya vifuu yanazifikia bila mvukuto. Juu ya kioo hutanda utando wa kijivu uliochanganyika na rangi ya manjano. Baba alitupia kipande cha mshumaa kisichozidi ncha ya kidole. Kikawaka, moshi ukapanda, na uchafu wote ukakusanyika juu akaukomba kwa kijiko. Kisha akachovya kona ya gazeti. Ikirudi nyeupe, nipepee zaidi. Ikishika moto, niache. Ikigeuka rangi ya kahawa, alisema “Bismillahi” akachukua koleo.

Vibakuli vya koleo vilikuwa vimefukizwa kwa moshi wa koroboi hadi vikawa vyeusi, ili risasi isigande humo. Akamimina mara moja, bila kusita, kwa sababu mkono ukisita katikati chubwi hutoka na mkunjo. Nikahesabu hadi kumi. Akafungua, kidonge kikaanguka kwenye jivu. Cha kwanza kila siku kilikuwa kibaya, kina makunyanzi kama uso wa kizee, kwa kuwa kalibu ilikuwa bado baridi. Kilirudishwa motoni, na cha pili pia. Cha tatu kilitoka laini. Saa ile ya kwanza chubwi huwa nyeupe, inang'aa kuliko pete ya fedha, na mimi niliiona mali. Asubuhi yake ilikuwa imefifia ikawa rangi ya mawingu ya masika.

Zile kubwa zilikuwa na kalibu yao, nusu mbili za tofali la kuchoma alilolichonga kwa kisu na kulisugua nusu kwa nusu, kwa mchanga na maji, mpaka uzi usipite katikati. Umbo lake lilikuwa la kokwa ya tende, ila refu zaidi, ili chubwi iponyoke kwenye nyufa za mwamba. Msumari uliopakwa masizi ulipita katikati kuacha tundu la uzi, nao uling'olewa kwa koleo dogo risasi ikiwa ingali moto. Kazi ikiisha, Baba alikunywa bilauri nzima ya maziwa, akanipa na mimi. Mafundi wote aliowajua waliamini kwamba maziwa husafisha moshi kifuani. Nimekuja kusoma kwamba hayaitoi risasi iliyokwisha kuingia damuni, ila sijaweza kuyakumbuka maziwa yale bila kumshukuru.

Nilipofika miaka kumi alinichukua baharini, mara moja tu, siku ya maji mafu, ndani ya Karange. Alinipa mshipi niushike kwa kidole cha shahada. Chubwi ikateremka ikivuta, ikavuta, halafu uzito ukapotea. “Imefika. Sasa niambie imekaa juu ya nini.” Sikujua. Akaniinulia mkono kidogo na kuuachia, mara tatu. Juu ya tope chubwi hutua kimya na kunata unapoivuta. Juu ya mchanga hugusa kwa upole. Juu ya mwamba hugonga, na mshindo ule unapanda kwenye uzi hadi kwenye mfupa wa kidole. Manahodha wa majahazi walifanya hivyo kwa bildi, risasi kubwa yenye shimo chini lililojazwa shahamu: walipoipandisha walitazama kilichonata, mchanga mweupe au tope au vipande vya kombe, wakajua wako wapi hata usiku wa giza. Bildi ilipima kina kwa pima na kumwonyesha nahodha sakafu ya bahari. Mvuvi wa mshipi hufanya yote mawili kwa kidole. Waliovua kwa mabomu miambani mwetu waliiharibu sakafu hiyo bila kuisoma hata siku moja, na hasira yangu juu yao haijapoa.

Chubwi zilipotea, bila shaka. Baba alifunga kila chubwi kwa uzi wa pamba mwembamba kuliko nailoni ya mshipi wenyewe, ili ikinasa mwambani ukatike uzi wa chubwi tu, ndoana na samaki vipone. Zamani niliona ni ujanja wa kusifiwa. Siku hizi nahesabu pia zilizobaki chini. Ziko huko zote, kwa maana risasi haiozi.

Nyaya za simu zilipokuja kuvikwa plastiki, magamba yakaisha. Magoti ya Baba yakachoka, kalibu zikaenda kwa kaka yangu wa pili. Magari yalikuwa yameongezeka mjini, na mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu akaanza kutuletea betri zilizokufa. Hiyo ilikuwa mwaka 1991. Kaka alizipasua kwa shoka nyuma ya jiko, akamwaga maji yake makali kwenye shina la mnazi, akatoa zile bamba za ndani na kuziweka kikaangoni. Hazikuyeyuka vizuri kama gamba la simu. Theluthi nzima ilibaki unga, wa kijivu na wa manjano, nao aliufagia tu kuelekea uani.

Mama alikuwa na kuku 14. Waliacha kutaga. Halafu mbawa zikawalegea, wakaharisha kijani, shingo zikashindwa kubeba vichwa. Majirani walisema ni kideri, kwa kuwa kideri hufanana hivyo. Mama hakuridhika. Alimchinja jike mmoja aliyekuwa hajafa, akampasua firigisi juu ya sahani ya bati. Nilikuwa nimekuja likizo, nikawa nimesimama karibu yake. Kuku humeza vijiwe ili firigisi isage chakula, na humo mlikuwa na vijiwe, lakini katikati yake mlikuwa na punje za kijivu, saba, zimesuguliwa zikawa laini na duara kama zimetoka kwenye kalibu. Mama aliziosha, akaziacha kwenye sahani ile, akaiweka mbele ya kaka yangu wakati wa chakula cha mchana. Hakusema neno. Binti yake kaka alikuwa na miaka miwili, na kila mtu nyumbani alijua kwamba alikuwa anapenda kula udongo wa uani.

Hakukuwa na mahali pa kumpima damu kwa jambo hilo Tanga ya wakati ule. Tulimhamishia Pangani kwa shangazi yetu kwa miezi minane, tukachota udongo wa nyuma ya jiko kwa koleo la shamba, kina cha mkono, tukaufukia mbali na kisima. Binti yule sasa ni mama wa watoto wawili. Bado nikisikia kwamba ameumwa tumbo au kichwa, nazisikia punje zile zikigonga bati.

Baadaye kazini nilipata kusoma, na nikayakuta ya kwetu yakiwa ya wengi. Uingereza, mabata-maji wakubwa weupe wa kule mitoni walikuwa wakimeza vidonge vya wavuvi pamoja na vijiwe, wakafa shingo zimelegea. Mwaka 1987 ikapigwa marufuku kutumia vipande vya risasi vya kuvulia vyenye uzito wa kuanzia gramu 0.06 hadi gramu 28.35. Gramu 28.35 ni wakia moja kamili. Wakia ya koleo letu.

Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, Senegal, ni mji wa wavuvi kama Sahare. Mafundi wake walikuwa wakitoa risasi kwenye betri na kusubu vizito vya nyavu kwa miaka mingi. Bei ya risasi ilipopanda duniani, watu wakaanza kuchekecha udongo wa mitaa ile ili wauze mabaki, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Na jirani zetu wa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuanzia 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi humo na mwanawe akaugua, aliongoza kudai kifungwe, akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kisicho na madhara, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile alichomeza. Nilikuwa na miaka saba nilipokabidhiwa upepeo. Baba hakujua, na lau angejua angenibeba mbali na moto ule kabla hajawasha.

Kwetu betri hazikuingia tena. Kaka aliendelea na vipande vile vinavyobanwa kwenye rimu za magari, kwa miaka michache, mchangani kabisa ambako upepo wa kusi ulipeleka moshi baharini, watoto wakiwa shuleni, nguo zake zikifuliwa peke yake. Nilisimama naye kila mara. Alifariki mwaka 2009, na hakuna aliyesubu baada yake.

Mwanawe wa mwisho ndiye anayevua sasa. Mwezi uliopita alikuja na mfuko wa rambo uliojaa plagi za bodaboda, kazipata bure kwa fundi pikipiki wa barabarani. Wavuvi vijana wote wanazitumia: unafunga uzi shingoni mwa plagi, basi. Chuma na kauri, na hakuna wa kupuliza moto. Nilitoa mizani ya Baba, ile ya sinia mbili, nikaweka plagi upande mmoja na kidonge cha koleo upande wa pili. Plagi ilizidi kidogo tu.

“Inakaa chini?” nikamwuliza.

“Maji mafu inakaa, Shangazi. Bamvua nafunga mbili.”